Mwaka Nilipoandika Upya Bahasha za Mama Perez

Wiki tatu zilizopita nilipewa dakika tatu za kuongea katika ukumbi wa hoteli moja mjini Homa Bay, ukumbi ambao madirisha yake yanatazama ziwa na feni zake zinatazama ukuta. Tulikuwa tumekutana kumuaga Mama Perez, mfamasia aliyeendesha duka la dawa Migori kwa miaka mingi na sasa anastaafu. Chama cha wenye kemisti wa sehemu hizi kilikuwa kimemwandalia ngao ya mbao yenye maneno kuhusu huduma bora na kazi ya pamoja. Jina langu liliwekwa kwenye ratiba kati ya maombi na chakula, mahali ambapo msemaji yeyote mwenye akili anajua kwamba hapendwi. Nilichaguliwa kwa sababu huandika makala magazetini, na watu hudhani anayeandika anaweza pia kuongea. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja. Nilisoma mbili, nikapigiwa makofi, nikarudi mezani nikijua nilichoacha. Boke pia alijua. Yeye na mimi tulifanya kazi pamoja pale dukani kwa Mama Perez, na siku hizi ana kemisti yake Isebania. Tulikutana kwenye foleni ya kunawa mikono, akaniangalia kama mtu anayesoma tarehe ya mwisho kwenye boksi la dawa. "Umemruka Rose," akasema. Nikamwambia dakika zilikuwa tatu. "Rose angetosha kwa moja," akasema, akachukua sabuni.

Basi hapa sina dakika za kujificha nyuma yake. Ya kwetu nyumbani nitayaacha; inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, digrii ya fasihi isiyo ya kujivunia sana, na hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa akinitafuta. Mama Perez alihitaji mtu wa kukaa kaunta. Masharti yalikuwa mawili: nisiguse dawa, kwa kuwa sikusomea, na nisimpe mtu ushauri wowote hata akinililia. Kazi yangu ilikuwa kupokea vyeti vya daktari, kuvipeleka nyuma, na kuwakabidhi wagonjwa wa kila mwezi bahasha zao ambazo Mama Perez na Boke, msaidizi wake aliyesomea dawa, walikuwa wamekwisha kuzitayarisha. Boke alianza kuniita Digrii siku ya kwanza, na kufikia Ijumaa hata wateja walikuwa wakisema, "Mpatie Digrii hiyo karatasi apeleke."

Duka lilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na leso iliyotundikwa kwenye waya. Mbele kulikuwa na kaunta, benchi, na mizani ya kupimia watoto ambayo kila mtoto aliiogopa kuliko sindano. Nyuma kulikuwa na meza, jiko la mafuta taa, na rafu ya maboksi ya viatu yaliyojaa bahasha za kaki. Huko ndiko walikokula chakula cha mchana, nami nikila kaunta huku nikiwasikiliza. Mama Perez alikuwa Msabato wa kweli, kwa hiyo samaki asiye na magamba, kama mumi, hakuingia katika chumba kile, jambo ambalo Boke, Mkatoliki wa kutoka Kuria, alilichukulia kama changamoto. "Mama, leo nimeleta mumi," alisema karibu kila wiki, akifunua bakuli la dagaa wa omena na mboga ya osuga. Mama Perez hakucheka, lakini kila mara alichungulia bakuli kabla ya kuomba.

Wakila, waliandika bahasha. Ilinichukua miezi kuelewa nilichokuwa nikisikia, na nikiwa mkweli, sikukielewa mpaka nilipokiharibu. Kwenye kila bahasha jina lilikuwa jambo dogo tu. Migori ile ilikuwa na akina Akinyi na Achieng wasiohesabika, na wanawake wengi walijitambulisha kwa mahali walikozaliwa tu, nyar wa mahali fulani, yaani binti wa huko. Kwa hiyo waliandika mtu mwenyewe. "Mzee wa koti la mvua hata kiangazi. Tembe za asubuhi humeza jioni, mwambie tena." "Mama wa mapacha. Usiseme kitu shemeji yake akiwa karibu." "Hajui kusoma ila usimwonyeshe kwamba unajua. Chora jua." Tena mmoja hakuweza kuandika peke yake, ilikuwa lazima mwenzake akubali. Nilisikia mambo kama haya kila mchana:

"Huyu wa presha, nyar Kanyamwa."

"Boke, nyar Kanyamwa wako kumi na mmoja hapa."

"Yule anaongea kama amemeza redio."

"Yule wa redio ni nyar Gem."

"Basi yule anakuja na mwavuli na hakuna mvua, halafu anausahau."

Sauti ya kijiko. "Sasa namwona. Andika."

Bahasha haikufungwa mpaka mwenzake aseme "namwona." Leo nadhani hakuna sheria ya siri za mgonjwa ambayo ingeruhusu hata nusu ya yaliyoandikwa pale, na pengine ni vizuri. Lakini wakati ule sikufikiria sheria. Nilifikiria aibu. Nilikuwa kijana niliyesoma, na nilikuwa nikimkabidhi mtu mzima bahasha iliyoandikwa kwamba yeye ni wa kusahau mwavuli.

Kisha barua ya chama ikaja. Majaji wawili wangezunguka maduka ya dawa, wakague kumbukumbu na namna watu wanavyohudumiwa, halafu duka bora litambuliwe mbele ya wenzake. Mama Perez aliisoma na kuiweka chini ya chupa ya chumvi. Boke ndiye aliyeitaka ile tuzo, na mimi ndiye niliyeiogopa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa kumefunguliwa kemisti mpya yenye mlango wa kioo na mashine ya kuchapa majina kwenye vibandiko, na wateja wetu wengine walikuwa wameanza kuvuka. Nilimsikia Mama Perez nyuma ya leso akimwambia Boke kwamba mambo yakiendelea hivi, duka halitaweza kubeba watu watatu. Mimi si mtu wa hesabu, lakini niliweza kuondoa mmoja kwa watatu na kujua ni nani. Tangu siku ile nilikaa nikitazama ng'ambo ya barabara. Nilihesabu wanaoingia kwetu na wanaoingia kule. Nililala nikiwaona majaji wamesimama kaunta, wamevaa miwani, wakisoma kwa sauti habari za koti la mvua.

Duka lilifungwa Jumamosi kwa ajili ya Sabato ya Mama Perez, na Jumapili asubuhi Boke alikuwa misani. Mimi, kama wengi waliotoka chuo mwaka ule, sikuwa na hakika na Mungu, kwa hiyo funguo za Jumapili zilikuwa zangu. Majaji walitazamiwa Jumatatu. Niliingia na bahasha mpya, kalamu mpya na rula. Nilichukua majina kamili kutoka kwenye kadi za kliniki zilizohifadhiwa dukani, nikayaandika kwa mwandiko wangu mzuri, jina la kwanza na la pili, mstari chini. Hakuna mwavuli, hakuna shemeji, hakuna hata ugonjwa. Nilihamisha tembe kutoka bahasha ya zamani hadi mpya, moja baada ya nyingine, mimi ambaye sharti langu la kwanza lilikuwa nisiguse dawa. Nilijiambia kwamba siyo kugusa, kwa sababu zilikuwa ndani ya karatasi zao ndogo. Zile za zamani nilizichoma nyuma ya duka ili wasije wakanikataza. Nakumbuka furaha yangu nikitazama rafu ile. Ilifanana na maktaba.

Jumatatu saa tatu asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja alisema anaitwa Rose Achieng, nikatafuta Rose Achieng, nikampa. Akaenda. Boke na Mama Perez walikuwa bado nyuma wakipanga vyeti kwa ajili ya wageni, na bahasha zangu walikuwa wameziona kwa mbali tu. Boke alikuwa amesema, "Yesu, Digrii ameoa rafu," na mimi nikalichukua hilo kama sifa.

Saa sita na nusu akaingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mgonjwa wetu wa sukari. Alisema jina lake kama anayesoma majina ya daftari la mahudhurio: Rose Achieng. Nikapata bahasha ya pili yenye jina hilo. Hata nilipoiona hiyo ya pili, akili yangu haikushtuka. Nilifurahi kwamba ipo. Akaifungua palepale kaunta. "Kijana, hizi si zangu. Zangu ni ndogo."

Boke alitoka nyuma ya leso akitafuna. Aliangalia tembe, akaacha kutafuna. Zilikuwa za presha. Maana yake ni kwamba tembe za sukari zilikuwa zimeondoka saa tatu na mtu asiye na ugonjwa wa sukari, mtu aliyezoea kumeza mbili kila siku bila kuuliza, kwa sababu tembe hubadilika sura kila kiwanda kinapobadilika, na kwa sababu alituamini. Mtu asiye na ugonjwa huo akizimeza, sukari ya mwilini inashuka. Anatoka jasho, anachanganyikiwa, analala. Akiachwa alale, anaweza asiamke.

"Umempa nani?" Boke akauliza, kwa sauti ya chini ili mwalimu asiogope.

"Rose Achieng."

"Rose yupi?"

"Rose Achieng," nikasema tena, na nikasikia ninavyosikika.

"Digrii. Alikuwa anafanana vipi?"

Nilifungua mdomo nimweleze na nikakuta hamna kitu. Niliweza kuona mwandiko wangu. Niliweza kuona mstari niliochora chini yake kwa rula. Mwanamke sikuweza kumwona kabisa, si uso, si nguo, si umri. Mama Perez alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na leso begani. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza bahasha za zamani ziko wapi, nikamwambia, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho mwaka ule nilimwona akitafuta mahali pa kukaa.

Halafu walifanya kile walichokuwa wakifanya kila mchana, ila bila chakula. "Rose wa presha," Mama Perez akasema, macho yamefumbwa. "Ni yule wa njugu." "Wa njugu, na ana dada kule Lambwe," Boke akasema, "hukaa kwake wiki nyingine." "Lakini siku ya soko hawezi kuwa Lambwe. Atakuwa Ndhiwa." "Leo ni soko Ndhiwa." "Basi alipita hapa kuchukua dawa, akaenda moja kwa moja." Kila mmoja alikuwa na nusu ya yule mama, na waliunganisha nusu zile mbele yangu kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai. "Namwona," Mama Perez akasema, akafumbua macho. Alijaribu kumpigia mwenye duka la mbegu pale Ndhiwa. Simu iliita bila kupokewa. Akamgeukia Boke. "Kama anaweza kumeza, mpe sukari. Kama amelala na haamki, usimwekee kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Nenda na huyu." Huyu nilikuwa mimi.

Tulipanda pikipiki watatu, dereva mbele, Boke katikati, mimi nyuma nimeshika chuma cha kubebea mizigo. Njia ilikuwa ya vumbi katikati ya miwa. Dereva aliuliza kama tumefiwa, na Boke akamwambia endesha. Ningependa kuandika kwamba nilimwombea Rose. Ukweli ni kwamba nilitunga utetezi wangu mahakamani, na hata huko nilijikuta nikirekebisha sentensi. Kisha nilijiuliza kama ana watoto, na sentensi zikaisha. Nilihesabu saa tangu saa tatu, nikahesabu tena nikitumaini nimekosea. Kila tulipopita mtu amelala kivulini kando ya barabara, nilimgonga Boke begani aangalie.

Sokoni Ndhiwa nilianza kuuliza. "Rose Achieng? Samahani, Rose Achieng?" Mama mmoja wa sukuma wiki akanijibu, "Hata mimi ni Rose Achieng, unataka nini?" Boke alinisukuma pembeni. Akasema kwa Kijaluo kibovu kilichochanganyika na Kiswahili, "Natafuta yule wa njugu, anayekuzidishia kidogo kwenye kipimo halafu anajuta." Wanawake watatu wakanyoosha mikono upande mmoja.

Alikuwa ameketi chini, ameegemea magunia. Leso ya kichwani imelowa jasho. Alikuwa akimtukana mteja ambaye alikuwa ameondoka zamani. Jirani yake akasema, "Tangu saa tano amekuwa mkali. Amekataa chai. Tulidhani ni joto." Boke alipiga magoti.

"Mama, unanijua?"

Rose alimwangalia kwa muda mrefu. "Wewe ni wa dawa."

"Umemeza dawa leo?"

"Mbili. Niache nilale."

"Hakuna kulala. Digrii, sukari."

Nilikimbia hadi kibanda cha kwanza, nikanunua pakiti, nikaipasua kwa meno nikirudi, nikamwaga nyingine njiani. Boke aliikoroga kwa maji kwenye kikombe cha kupimia njugu, akamnywesha kidogo kidogo, akimwuliza maswali ya kijinga ili asilale: mbuzi wangapi, nani alikufundisha kukaanga, kwa nini unajuta ukizidisha. Vidole vya Rose vilitetemeka kwenye kikombe, na mimi nilisimama tu pale nimeshika pakiti iliyopasuka. Nadhani zilikuwa dakika kumi. Halafu aliacha kumtukana yule mteja, akajifuta uso, akauliza kwa nini watu wamejazana kwenye njugu zake.

Boke hakufurahi mapema. Alijua kwamba dawa ile hukaa mwilini na inaweza kumshusha tena, kwa hiyo tulimpeleka kituo cha afya, wakamwekea maji ya sukari mkononi, wakasema atabaki mpaka kesho. Boke akasema atabaki naye. Pale kitandani, rangi imemrudia, Rose akauliza, "Nani alinipa hii dawa?" Boke angeweza kusema ni sisi, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Nikasema, "Ni mimi, mama."

Akanitazama vizuri. "Wewe ni nani?"

"Wa kaunta. Asubuhi."

"Kwani kulikuwa na mtu?" akasema. "Mimi niliona tu nywele, kichwa kimeinama kwa karatasi."

Majaji walifika saa tisa, Mama Perez akiwa peke yake na rafu yangu nzuri. Aliwaambia yote kabla hawajakaa. Mmoja wao, mtu mpole, alimwambia, "Mama, hiyo haiko kwenye fomu." Mama Perez akaomba karatasi tupu, akayaandika yote, akaweka sahihi, akaiambatanisha na fomu. Tuzo ilikwenda kwa wale wa mlango wa kioo. Mama Perez alivuka barabara kuwapongeza, akaketi kwao nusu saa, akaonyeshwa mashine. "Ni kitu kizuri," alisema aliporudi. "Kila mgonjwa ana namba, na haichoki kama sisi." Tangu wiki ile bahasha zetu pia zilikuwa na namba ya kadi nyuma. Kila nikisikia watu wakibishana kama mashine itachukua nafasi ya mtu, humkumbuka mwanamke aliyetoka kushindwa na mashine akaenda kuiuliza inafanyaje kazi.

Nilileta barua ya kuacha kazi, kurasa mbili. Aliisoma akila. "Ni ndefu," akasema, akampa Boke, naye Boke akaisoma yote na kusema kuna mahali pazuri. Kisha Mama Perez akavuta kiti cha tatu. Alisema bahasha zote zitaandikwa upya, na kwamba kuanzia siku ile haifungwi hata moja mpaka sisi watatu tumemwona mwenyewe. Nilitarajia kufukuzwa, na katika mwili wangu nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hili la kubaki lilikuwa gumu zaidi. Hofu haikuisha. Ilihamia mikononi. Kwa wiki nyingi sikuweza kumkabidhi mtu bahasha bila kumwita arudi kutoka mlangoni, na wengine walianza kunionea huruma. Boke alisema sasa natazama watu kama polisi wa mpakani. Hata hivyo, mchana, nilianza kuwa na kitu cha kusema mezani, na siku moja niliposema kwamba nyar Gem wa redio hunyamaza akiwa mgonjwa kweli, Mama Perez aliacha kijiko, akasema hilo hawakuwa wamelijua.

Mwezi ulipoisha Rose alirudi. Tulikuwa tumejua siku yake, na tangu asubuhi nilikuwa nikitazama mlango. Boke hakuwa na mteja upande wake wa kaunta, lakini Rose alipanga foleni yangu nyuma ya watu wanne. Alipofika hakutaja jina. Alisubiri. Niliitoa bahasha yake, nikamwonyesha tembe, nikamwambia za presha, mbili asubuhi, naye akanirudishia maneno yaleyale. Halafu akaomba asome tulichoandika. Sikujua kama inaruhusiwa. Nilitazama nyuma, leso haikutikisika. Nikampa.

Alisoma polepole, midomo ikisogea. "Rose wa njugu. Ndhiwa siku ya soko, Lambwe kwa dada siku nyingine. Hupumzisha mguu wa kulia akisimama. Presha. Sukari hana kabisa."

Aliiweka kaunta, akagonga kwa kidole. "Ni wa kushoto, nyathina," akasema, akiniita mtoto wake.

Mama Perez na Boke walikuwa wamekubali kulia. Hata mimi nilikuwa nimekubali. Nilitoka nyuma ya kaunta, watu wa foleni wakinitazama, nikainama kidogo nikaangalia miguu yake, na yeye akaivuta juu kidogo leso aliyojifunga kiunoni ili nione vizuri. Ilikuwa kushoto. Nikalifuta neno lile kwa kalamu, nikaandika lingine, kisha nikawaita Mama Perez na Boke waje waangalie na wao.